Majitu Mawili ya Kiti cha Nyuma

Wifi yangu wanamwita Komeo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wenzake pale stendi ya teksi, kwa sababu kabla hajawasha gari utasikia milango yote ikijifunga kwa mkupuo, hata kama anakwenda kujaza upepo ng'ambo ya barabara. Wala hakasiriki. Husema, "Bora niitwe Komeo nikiwa hai kuliko kuitwa marehemu Jasiri."

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Gari ni lao wote wawili, walilinunua baada ya kuuza kiwanja alichowaachia baba yao, na wanaliendesha kwa zamu: wifi tangu alfajiri hadi baada ya chakula cha mchana, mume wangu kuanzia hapo hadi giza linapoingia. Gari ni moja, lakini ukilipanda zamu zote mbili utaapa ni mawili. Zamu ya wifi vioo viko juu, na kiti cha mbele kimevalishwa koti la kiume lenye mabega mapana, na juu yake kofia. Kwa mbali unaona mwanamume amekaa. Koti hilo tunaliita Shemeji. Kabla wifi hajaingia garini huinama kuchungulia chini yake, halafu hutazama kiti cha nyuma, halafu hufungua buti. Mwanamume aliye peke yake hampakii, labda awe anamfahamu au awe mzee wa mkongojo, na huo mkongojo wenyewe ataukagua.

Zamu ya mume wangu ni vioo chini, kiwiko nje, vifungo vya shati wazi hadi karibu na kitovu. Ndiyo maana yeye wanamwita Kifua. Anapakia yeyote mwenye miguu. "Mwanaume akianza kuogopa barabara," husema, "basi akae nyumbani adarizi vitambaa."

Maneno hayo huyasema stendi. Lakini anayesafisha gari hilo ni mimi, na mimi ndiye ninayejua kuna nini chini ya kiti cha dereva: kipande cha nondo kilichoviringishwa tambara. Nilipomuuliza alisema ni cha kubadilishia tairi. Sijasomea ufundi, ila tangu lini tairi likabadilishwa kwa nondo? Niliona tu kwamba hofu ya wifi inakaa juu ya kiti imevaa kofia, kila mtu anaicheka, na hofu ya mume wangu imelala chini ya kiti imefunikwa tambara.

Kuna mchezo mwingine wa wifi ambao nao Kifua aliucheka sana. Wifi aliachana na mumewe zamani. Basi akimpakia mtu halafu moyo ukamkataa katikati ya safari, hupiga simu kwangu na kusema kwa sauti ya juu, "Mume wangu, ndiyo nakaribia hapo. Bado uko na wale wenzako askari?" Nami huku jikoni, mwiko mkononi, nakohoa kwanza ili sauti inenepe, kisha najibu, "Ndiyo, mke wangu. Tunakusubiri." Tukishakata simu nacheka peke yangu hadi sufuria inaungua. Lakini siku zote hurudi salama, na abiria wake hushuka mapema kuliko alivyopanga.

Sasa, siku moja Kifua alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Hakuwa na simu. Hakuwa na pesa ya siku hiyo. Cha ajabu zaidi, hakuwa na mkanda, alikuwa ameishika suruali yake kwa mkono mmoja. Alikaa kitandani akasema ameporwa. Majitu mawili, alisema, yalikaa kiti cha nyuma, moja lina kovu la shavuni, lingine shingo haionekani. Yalikuwa na bastola. Alipambana nayo hadi nguvu zikamwishia.

Nilimpa pole, kwani mke mwema hutoa pole kwanza, kisha ndipo anakagua shati. Shati halikuwa limepungua hata kifungo. Mwilini hakuwa na mkwaruzo wowote. Nikajiuliza, majitu gani haya yanayopigana na mtu kwa adabu namna hii? Na mkanda wake yaliutakia nini, kama kweli yalikuwa majitu? Ungeyazunguka kiuno?

Nilipomwambia twende polisi alikataa. Alisema polisi watampotezea muda.

Pale stendi, mbele ya duka la matairi, kuna benchi refu la mbao. Madereva wana desturi yao: aliyekutwa na baya njiani lazima alieleze benchini asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, aseme mtu yule anafananaje na anapandia wapi, ili wenzake wamjue. Ndiyo ngao yao. Kifua aliyaeleza majitu yake, na wifi akaja kunisimulia. Alisema kadiri Kifua alivyoendelea, majitu yalizidi kurefuka. Dereva mmoja mwenye miwani akadakia kwamba hayo hayo ndiyo yaliyompora yeye mwezi uliopita. Hata Mwenyekiti, mzee wao, aliyezeeka kwenye usukani, akakumbusha kwamba yeye aliwahi kuvamiwa na matatu, na mawili aliyaangusha.

Wakakubaliana hapo hapo. Wanaume wawili wakija pamoja, wasipakiwe. Kina mama na watoto wapakiwe bila wasiwasi.

"Wewe Komeo huna taabu," Mwenyekiti akamwambia wifi. "Abiria wako ni kina mama. Majitu hayana haja nawe."

Wakacheka. Wifi naye akacheka, lakini aliponisimulia aliongeza, "Wifi, benchi zima lina majitu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukimbia. Wewe umeliona hilo?"

Siku ya kuosha gari ndipo roho yangu ilipotibuka. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu kigusane na dashibodi. Nilipoingiza mkono chini yake kutoa mchanga, nikatoka na soksi. Soksi ya mtoto mchanga, ya manjano, haizidi sana kidole gumba changu, na bado ilinukia maziwa.

Wangu mimi wote wanasoma shule. Nilikaa chini pale pale uwanjani, ndoo pembeni, soksi kiganjani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na mwenzangu kumbe amevaa nguo mbili. Kumbe majitu yenyewe ni mwanamke na kitoto, na pesa za siku ile zilikwenda kwenye maziwa ya kopo. Hata mkanda sasa nikauelewa: aliusahau huko alikoufungua.

Tangu hapo sikuwa na usingizi wala haya. Nilinusa mashati. Nilipekua mifuko. Nilianza kutazama masikio ya watoto wachanga mtaani, maana masikio ya Kifua hayafichiki, yamewatoka watoto wangu wote kama vipini vya sufuria. Mama mmoja aliniuliza kwa nini namfunua mwanawe kofia, nikamjibu kwamba naangalia kama ana joto.

Mwishowe soksi nikampelekea wifi. Aliigeuza, akaitazama ndani na nje kama anavyotazama buti la gari.

"Yule alisema majitu yalikaa wapi?" akauliza.

"Nyuma."

"Na kiti cha mbele amekivuta nani? Mtu mrefu hawezi kukaa pale, magoti yatamgonga kidevu. Aliyekaa pale ni mfupi."

"Ni huyo hawara yake," nikasema.

Wifi akafikiri. "Juzi nilikuwa benchini namsubiri anirudishie ufunguo wa akiba. Mama mmoja mfupi, mwenye shali ya kijani, kambeba mtoto begani, akamwendea dirishani. Wifi, ndugu yangu alipandisha kioo! Kifua! Hata mvua ikinyesha yule hapandishi kioo. Akaondoa gari bila kumtazama."

"Ni yeye."

"Huenda. Ila kuna kitu kimoja sikielewi. Mbele kidogo wanaume wawili walimpungia mkono, miili yao hii hapa, naye akawapakia huku anacheka. Mtu aliyeporwa na majitu si angeogopa majitu?" Akanirudishia soksi. "Kuna uongo mahali, wifi. Nikimwona tena yule mama, nitampakia mimi mwenyewe. Nitamweka mbele, karibu yangu, nimdodose polepole mpaka aseme mtoto ni wa nani."

Nikamwambia nitamshukuru hadi kaburini. Mungu anisamehe, nilimtuma mwenyewe.

Nilivumilia siku chache tu. Mchana mmoja Kifua alikuwa mezani, amekwisha kula, anasubiri dada yake alete gari. Watoto walikuwa shuleni. Nikaiweka soksi juu ya sahani yake.

"Baba watoto, mtoto huyu ni wa nani?"

Aliitazama ile soksi. Nilitegemea abishe, apige meza, aseme ni ya abiria. Ningemwamini, au ningejilazimisha. Badala yake akashusha pumzi kama mtu aliyepata mlango wa kutokea.

"Ni wangu," akasema. "Nisamehe, mama watoto. Nimezaa nje."

Niliumia jinsi ambavyo sijawahi kuumia, hata kwenye uzazi. Lakini mimi nimeumbwa na shaka, na shaka haingoji machozi yakauke.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa... wa kike."

"Ana umri gani?"

"Ameanza kutembea."

"Na soksi hii? Anatembelea kidole kimoja?"

Akafumba macho. Njia ya mwongo fupi, lakini mume wangu alikuwa mwongo wa aina ambayo sikuwahi kuisikia. Wanaume wote huapa kwamba mtoto si wao. Huyu alikuwa anang'ang'ania mtoto asiyemjua hata jinsia yake. Kwa nini mtu ajitie doa ambalo hana? Anafunika doa gani lililo kubwa kuliko hilo?

Simu yangu ikalia. Alikuwa wifi. Nikaiweka kwa sauti ya nje makusudi, ili dada mtu naye awe shahidi.

"Wifi yangu," alisema, kwa sauti ya uchangamfu ambayo naijua, ile ya mtu anayesema neno lingine chini ya neno. "Leo nitachelewa kidogo kuleta gari. Nimempakia yule mgeni wetu uliyekuwa unamuulizia. Namfikisha kule nyuma ya kiwanda cha zamani. Maskini mtoto anaumwa, amekaa na mama yake hapa mbele, anataka hewa. Na baridi hii, mguu mmoja hauna hata soksi."

Kifua alisimama, kiti kikaanguka. Nilipoona midomo yake inafunguka niliibana simu kifuani kwangu, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Mwambie asimame!" alisema. "Mwambie ashuke! Si mtoto wangu, sina mtoto! Ni yule mwanamke! Ana kisu, kimo ndani ya nguo za mtoto!"

"Mwanamke gani?"

"Aliyenipora! Ni yeye peke yake! Hakukuwa na majitu!"

Kuna wakati akili hukimbia mbele ya mtu. Nilikuwa sijamaliza kuelewa, na tayari nilikuwa nakohoa ili sauti inenepe. Nikaiweka simu mdomoni.

"Mke wangu," nikasema.

Upande wa pili nilisikia mngurumo wa gari tu. Miaka yote hiyo ya mchezo wetu yeye ndiye anayeanza. Hofu ikiwa yake, mume anaitwa naye. Sikuwahi hata siku moja kumwita mke wangu kabla hajaniita. Niliomba Mungu wifi alione hilo.

"Ndiyo," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa imekonda. "Ndiyo, mume wangu."

Nilitaka kuendelea. Sauti nene ilikatika nikabaki na yangu mwenyewe, ya kulia. Hapo Kifua akaichukua simu mkononi mwangu. Sauti yake ilitoka imetulia.

"Mke wangu, pita kituo cha mafuta, hapo kabla ya daraja. Tupo hapa na wenzangu, tunaiona barabara yote. Ingia uchukue ule mzigo."

"Haya, mume wangu. Nawasha taa ya kukata kona."

Simu ikakatika. Tulikaa tunaitazama ile simu mezani, kando ya soksi, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kifua alikuwa anasema "dada, dada" kwa sauti ndogo kama mtoto aliyepotea sokoni. Simu ilipolia tena, akabonyeza yeye.

"Niko kituo cha mafuta," wifi alisema. "Niko mzima."

Mengine alitusimulia alipofika nyumbani. Aliingia hadi penye pampu, katikati ya wafanyakazi na dereva wa lori, akachomoa ufunguo akashuka. Yule mama alimtazama kupitia kioo, bila hasira, kama mtu anayemtazama fundi mwenzake. Kisha akashuka mwenyewe, akarekebisha shali ya kijani, akasema, "Asante, dada, hapa nitatembea," akavuka barabara na mtoto begani, kimguu kimoja kitupu kinaning'inia. Hakuna aliyemzuia. Ungemzuiaje mama na mtoto mbele ya watu? Wafanyakazi walipoinama chini ya kiti cha mbele wakakuta kisu cha kukatia mboga, kimeviringishwa nepi. Kisu hicho, na maelezo yote, wifi alikuwa ameshavipitisha polisi.

"Kinachoniuma si kisu," wifi alisema. "Kinachoniuma ni kwamba nilimwondoa Shemeji kitini kwa mikono yangu mwenyewe ili nimpishe yeye akae." Halafu akamgeukia ndugu yake. "Haya. Sema."

Akasema. Yule mama aliomba akae mbele kwa sababu ya kichefuchefu, akavuta kiti mwenyewe. Akaomba kioo kifunguliwe zaidi upande wake, mtoto apate hewa. Akaomba gari lisimame, mtoto anataka kutapika. Gari liliposimama, ncha ya kisu ilikuwa tayari kwenye mbavu. Nondo ilikuwa chini ya kiti, lakini kuinama ni kujichoma. Kifua alilia. Yule mama akamwambia, "Mwanaume mzima unalia mbele ya mtoto?" Akamwamuru avue mkanda, akauweka kwenye mkoba wake pamoja na simu na pesa, akashuka. Alimwambia, "Ukinikimbiza, suruali itakuaibisha mbele yangu."

"Basi ni hilo tu?" nikauliza. "Hilo ndilo lililokufanya ujizushie mtoto? Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo zipi nichukue niondoke!"

"Wewe ungeondoka ungerudi," alisema, macho chini. "Kicheko cha stendi hakiondoki."

Wifi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mlisema benchini kina mama wapakiwe bila wasiwasi," alimwambia. "Ulikuwepo. Ulinisikia nikicheka."

"Dada, sikujua atakupata wewe."

"Angempata nani? Mimi ndiye ninayepakia kina mama." Akasimama, akachukua ile soksi akaitia mfukoni. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kesho utakwenda benchini upeleke kicheko chako. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale, nakusikiliza."

Nilikwenda nami. Sikutaka kusimuliwa. Kifua alikuwa amefunga vifungo vyote hadi kooni, na hilo peke yake liliwafanya wanyamaze. Alisimama mbele ya benchi akasema ni mwanamke mmoja, mfupi, mwenye shali ya kijani, ana mtoto mchanga na kisu. Akasema hakukuwa na majitu. Akasema alilia. Kisha akasema kwamba jana mwanamke huyo alipanda gari kwa dada yake.

Halafu mmoja akajipiga paja, na kicheko kikalipuka.

"Kifua! Na mwanamke!"

"Tena ananyonyesha!"

"Ungemwomba akubembeleze na wewe!"

Mume wangu alisimama akakipokea chote, mikono imeshika mkanda mpya. Niliwachukia wale wanaume, na ndipo nikaona kwamba wifi hawasikilizi. Alikuwa anawatazama usoni mmoja mmoja, polepole, kama anavyokagua kiti cha nyuma kabla ya kuingia. Dereva mwenye miwani hakuwa anacheka. Alikuwa ameinuka kwenda kutazama tairi lake ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Mwenyekiti naye hakucheka. Alikuwa ameivua kofia yake anaizungusha mapajani.

"Alikuomba ufungue kioo zaidi," akauliza, "mtoto apate hewa?"

Neno hilo Kifua alikuwa hajalisema pale benchini. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa mtu mmoja, naye akaona yuko peke yake, akakiacha.

Wifi akatoa ile soksi mfukoni, akaiweka juu ya benchi, kando ya mzee. "Mwenyekiti," akasema kwa upole, "yale majitu yako matatu. Yalikuwa na mtoto?"

Mzee aliitazama soksi, akavaa kofia yake.

"Alikuwa amelala," akasema.